Nadhiri Niliyoivunja Njiani Kwenda Walikale

"Felisita iko mugonjwa." Maneno hayo matatu ndiyo yaliyonitoa nyumbani. Aliyeyaleta ni mchuuzi wa mawese kutoka upande wa Walikale. Alipanda mpaka kwetu, kwenye vilima vya juu ya Ngungu, akaomba maji, na kabla hajayanywa akauliza kama mimi ndiye mama yake Felisita. Nilipokubali, akasema maneno yake matatu, akanywa maji.

"Mugonjwa wa nini?" nikamuuliza.

"Miye nilipita tu Kibua, Mama. Bantu ba kapela njo banasema nikuambie. Sikumuona na macho yangu."

"Iko nyumbani ao ku dispansari?"

"Aa, Mama, sijue."

"Sasa weye unajua nini?"

Yule mtu akarudisha kikombe, akajitwika mzigo wake, akaenda zake. Baadaye niliona haya, maana alipanda mlima mzima kwa ajili yangu na sikumpa hata kiazi kimoja. Lakini saa ile hofu ilikuwa imekwisha kunishika, na mimi nikishikwa na hofu ninakuwa mkali. Wanaonijua wananivumilia.

Felisita ni mtoto wangu wa kwanza. Aliolewa na Danieli, mwalimu wa shule ndogo ya Kibua, huko chini msituni, na alikuwa na mimba. Mara mbili kabla ya hapo alizaa, na mara mbili mtoto hakumaliza juma moja. Kwa hiyo neno "mugonjwa" halikuhitaji kufafanuliwa. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wakingali wanashika nchi, na mtu hakuvuka eneo lake bila karatasi, hasa mwanamke. Mume wangu hakuweza kuacha ng'ombe. Ndipo Papa Simoni, katekista wa kapela yetu, akasema atanisindikiza.

Papa Simoni ni mlimaji. Jamaa yake walilima vilima vile kabla babu zetu sisi hawajafika na ng'ombe. Anapanda maharagwe na viazi. Ng'ombe wangu walikula shamba lake mara mbili, na alinisamehe mara moja tu, lakini nilipomwambia habari ya Felisita hakuuliza swali. Alikwenda nyumbani kwake, akarudi na fimbo na mfuko wa viazi.

Asubuhi ya kuondoka, kabla jua halijatoka, niliingia zizini peke yangu. Nikaweka mkono juu ya mgongo wa ng'ombe wetu mkubwa, nikasema kwa sauti ndogo: "Mungu wangu, sitatia maziwa kinywani mpaka nione uso wa mtoto wangu akiwa mzima. Nikivunja neno hili, basi." Kinachofuata baada ya "basi" sikuthubutu kukisema. Wewe unayekula maharagwe na bukari, yaani ugali, kila siku utaona ni jambo dogo. Kwetu sisi maziwa ni chakula cha asubuhi, ni cha mchana, ni dawa ya tumbo, ni heshima ya mgeni. Ningaliweza kuacha chumvi kwa urahisi zaidi. Na sikumwambia mtu yeyote, kwa kuwa tulifundishwa kwamba anayefunga hapigi tarumbeta.

Siku ya kwanza tulitembea kuelekea Rubaya. Njia ilikuwa imelowa, na udongo mwekundu ulitushika miguu mpaka kila hatua ikawa kazi. Mimi ninatembea upesi. Papa Simoni hakuwa mvivu, la, ila alikuwa na desturi moja iliyonichosha kuliko milima: kwenye kila kijito alisimama, akavua kofia, akasali. Na vijito katika Masisi, nani atavihesabu?

"Papa Simoni," nikamwambia kwenye kijito cha nne au cha tano, "Mungu hakutusikia kwa kile cha nyuma?"

"Alitusikia."

"Sasa hiki?"

"Hiki njo tunavuka sasa, Mama Felisita."

Nikavuka mbele yake bila kungoja amina. Nilimsikia nyuma yangu akimalizia taratibu, neno kwa neno, kisha maji yakipiga chapu chapu chini ya miguu yake. Nilikasirika, lakini moyoni nilisema: huyu ana sala za mdomo, mimi nimetoa kitu. Nilijiona nimemzidi, sitaficha.

Jioni tuliingia Rubaya, saa ya kukamua. Tulifikia kwa Mama Veronika, mjane mwenye ng'ombe wachache, Mkristo kama sisi. Marehemu mume wake alikuwa katekista, na Papa Simoni alimfahamu tangu zamani. Alitupokea kwa furaha kubwa mno, akatutandikia mikeka, akanishika mikono yote miwili kama ndugu. Majirani wachache walikuja mpaka kwenye uzio, wakatusalimu kutoka hapohapo. Niliona ajabu kwamba hakuna anayeingia.

Mama Veronika akaleta maziwa katika inkongoro, kile chombo chetu cha mti cha kunywea, povu bado juu. Alionja yeye kwanza, kama inavyofanyika kwetu ili mgeni ajue kwamba hakuna baya ndani. Kisha akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Aksanti, Mama," nikasema. "Leo hapana."

Mikono yake ilibaki vilevile, imenyooka, na kule kwenye uzio maneno yakakatika. Mwanamke mmoja akamgusa mwenzake kiwiko. Papa Simoni alisimama, akaniita pembeni, nyuma ya nyumba, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona na haraka.

"Mama Felisita, unafanya nini?"

"Sitaki maziwa. Ni kosa?"

"Sikia. Musafiri moja alilala hapa, akakunywa, kesho yake akakufa mu njia. Alikuwa mugonjwa tangu kwao, kila muntu anajua. Lakini banasema ni Veronika. Tangu ile siku hakuna muntu anakunywa kwake. Ni miaka mbili sasa. Hata ku kapela anakaa peke yake mu benchi."

"Kunywa weye."

"Miye nitakunywa! Lakini miye ni mulimaji, batasema ule hajue maziwa. Weye uko muntu wa ng'ombe. Weye ukikataa, kesho Rubaya yote itasema: mumeona?"

Yesu wangu! Nilirudi kwa Mama Veronika, nikainama karibu na sikio lake, nikamwambia siri yangu yote: mtoto, mimba, nadhiri. Nilifikiri akisikia atanielewa na mambo yataisha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila hasira hata kidogo: "Mugeni wa kwanza alisema tumbo inamuuma. Wa pili alisema munganga alimukataza. Weye unasema Mungu. Hapana neno, Mama. Nimezoea. Nitakupikia viazi."

Ni lile "nimezoea" lililoniua. Nilikuwa na mtoto wangu upande mmoja, na upande mwingine mwanamke huyu aliyesimama na chombo chake mbele ya watu, na ilikuwa lazima nimwangushe mmoja. Nilimkasirikia Mungu waziwazi. Nilimwambia moyoni: nyumba zote za Rubaya, ukaniingiza hii? Nikachukua inkongoro, nikanywa. Sikuonja tu, nilikunywa mpaka chini, nikafuta mdomo, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye uzio: "Maziwa mazuri. Iko ingine?"

Mama Veronika alicheka na machozi yakimtoka kwa pamoja. Mwanamke mzee mmoja aliingia uani, akajifanya amekuja kuomba moto, akaketi. Mama Veronika akamjazia naye. Yule mzee akakitazama chombo, akanitazama mimi niliyekuwa bado mzima, akanywa. Papa Simoni aliomba sala ya chakula iliyokuwa ndefu kuliko zote, na hakuna aliyelalamika ila mimi.

Asubuhi ya siku ya pili tuliondoka kuelekea Masisi. Nilikuwa nikikumbuka lile neno langu "basi" na kujaza mwenyewe yanayofuata. Kila mtu tuliyekutana naye akitoka mbele nilimwona ni mjumbe wa msiba. Papa Simoni alisali kwenye vijito vyake na mimi nikamngoja ng'ambo, kwa maana sikuwa tena na haki ya kumtangulia.

Siku ya tatu tulikuwa Masisi, kwenye biro ya serikali, tukingojea karatasi. Karani alikuwa kijana mwenye kalamu mbili mfukoni. Aliuliza jina la mume wangu, la chifu wangu, la kilima changu, na mwishoni akauliza sababu ya safari.

"Mutoto wangu iko mugonjwa."

"Mugonjwa wa nini?"

Nikamtazama. Nilikuwa karibu kumjibu vibaya, nikakumbuka yule mchuuzi wa mawese. "Sijue, Papa," nikasema. "Njo maana ninaenda." Akapiga muhuri.

Alasiri hiyo tulipata kamio, yaani lori, iliyokuwa inakwenda Walikale kuchukua mawese. Dereva alikubali tupande juu ya mapipa matupu, na nikaanza kupumua, maana kwa kamio tungefika kesho yake. Lakini hatukwenda mbali. Mvua ilipiga, na kwenye mteremko wa kwenda Nyabiondo tulikuta bariere ya mvua imeshushwa: mti mrefu umekatiza barabara, na mlinzi wake amekaa chini ya kibanda cha majani. Sheria ilikuwa kwamba mvua ikinyesha kamio zote zinasimama mpaka barabara ikauke, zisije zikaichimba. Kulikuwa na kamio nyingine mbele yetu, madereva wamelala chini yake.

Tulikaa pale jioni ile. Siku ya nne asubuhi tulikuwa bado pale, na mchana tulikuwa bado pale, na wingu jingine lilikuwa linakuja. Nilikaa juu ya jiwe nikiutazama ule mti. Kwangu haukuwa mti wa serikali. Mungu ndiye aliyeushusha, kwa sababu ya maziwa.

Hapo ndipo nilipomwambia Papa Simoni kila kitu. Nilimwambia habari ya zizi, ya nadhiri, na ya "basi". Alivua kofia, akaishika mikononi. Niliogopa atasema nimemuua mwanangu. Niliogopa vilevile atasema si kitu.

"Mama Felisita," akasema mwishoni, "miye ni katekista. Hii hawakunifundisha."

"Sasa unanisaidia na nini?"

"Sijue. Nitaomba."

"Utaomba! Unaomba tangu Ngungu!"

Nikasimama kwa hasira, nikaenda kwa mlinzi wa bariere, nikamwagia yote yaliyokuwa moyoni. Nilimwambia hana mama, hana huruma, mtoto wa mtu anakufa huko naye amekaa anachoma hindi. Mlinzi alinisikiliza akigeuza hindi lake. Nilipoishiwa pumzi akauliza:

"Mama, uko na kamio?"

"Kamio ya wapi? Niko na miguu!"

"Sasa kwa nini hupite? Bariere ni ya kamio. Muntu wa miguu haina bariere. Tangu jana niko najiuliza hawa bantu bawili bananingoja miye nini."

Ee Mungu wangu! Siku nzima, na miguu yangu mwenyewe! Sisi tulikuwa tumezoea kwamba serikali ikiweka mti, mtu anasimama, na hatukuuliza. Madereva waliokuwa wamelala chini ya kamio walicheka mpaka wakagonga vichwa. Papa Simoni alichukua fimbo yake akapita kando ya ule mti kwa heshima, kama mtu anayepita mbele ya altare. Hata mimi nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu Rubaya, na kicheko kilinipunguzia kitu ambacho sala haikuwa imekipunguza.

Tukatembea. Siku ya tano tulipita Nyabiondo, na baada yake nchi ikaanza kushuka. Ng'ombe wakatoweka, nyasi zikatoweka, miti ikasogea mpaka kandokando ya barabara, joto likatushika. Nyumba zilikuwa zimefunikwa majani mapana, na watu walitupa ndizi na sombe, majani ya muhogo, iliyopikwa kwa mawese, nyekundu mpaka vidole vinabaki na rangi. Mimi mtu wa milimani nilikula nikiwa na wasiwasi, kisha nikaomba tena.

Siku ya sita, tukiwa tumepita Kashebere, tulisikia mlio nyuma yetu. Ilikuwa kamio ileile ya mapipa. Barabara ilikuwa imekauka. Dereva alisimama akicheka bado, akapiga kelele: "Mama wa bariere! Panda!" Akatufikisha Kibua kabla ya jua kuzama.

Kibua, nyumba ya Danieli ilikuwa imefungwa kwa kamba. Nilikaa chini palepale kwenye kizingiti, na sikuweza kubisha hodi wala kuita. Mama yake Danieli alitokea shambani na kikapu cha muhogo kichwani, akaniona, akakitupa kikapu akaja mbio.

"Alikufa?" nikamuuliza. Sikumsalimu hata.

"Hapana! Mama, hapana! Walimupeleka Walikale na tipoi. Bantu ba kapela njo walimubeba, wanane, wanabadilishana. Danieli alienda naye."

"Lini?"

"Leo ni siku ya kumi."

"Na habari?"

Alinishika bega. "Tangu bantu ba tipoi balirudi, hakuna habari. Siye pia tuko tunangoja." Kisha akaketi karibu nami juu ya kizingiti, wanawake wawili wa lugha mbili tofauti, na hatukuwa na lingine la kuambiana. Aliniogesha miguu kwa maji ya moto, akaipaka mafuta ya mawese. Papa Simoni alisali, na safari hii nilingoja amina yake na nikaisema pamoja naye.

Siku ya saba na siku ya nane tulitembea msituni, maana kamio ilikuwa imetutangulia alfajiri. Jioni ya siku ya nane tuliona mto na mapaa ya Walikale.

Danieli alikuwa amekaa nje ya dispansari, amekonda. Aliponiona alisimama, akanionyesha mlango. Nikampita nikaingia. Felisita alikuwa amelala kwenye kitanda cha mwisho, uso umevimba, miguu imevimba, tumbo bado kubwa. Aligeuza kichwa.

"Mama," akasema. "Ulitembea na miguu yote hii?"

Nililia kwa sauti mpaka enfirmie, muuguzi wa pale, akaja kuniambia ninasumbua wagonjwa. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye koti jeupe lililofuliwa mara nyingi. Nikamuuliza kama mtoto wangu atapona. Hakunidanganya. Alisema damu yake si nzuri, homa inakuja na kuondoka, mtoto tumboni anasikika, na kuzaa kumekaribia. "Tuko tunafanya yenye tunaweza," akasema. "Ingine ni kungoja."

Asubuhi ya pili, Danieli alipokwenda kutafuta maji, nilikaa kitandani nikamwungamia binti yangu. Nilimwambia nadhiri na jinsi nilivyoivunja. Nilisema: kama mambo yatakuwa mabaya, ujue ni mimi. Nilitaka anisamehe mapema.

Felisita alinitazama na yale macho yaliyovimba, na nikaona kwamba amekasirika. Hasira yake ameitoa kwangu, siwezi kukana.

"Mama, kama nikikufa, utasema ni ile maziwa?"

"Nitasema nini ingine?"

"Na ule mama wa Rubaya mwenye alikulalisha? Utamuchukia mpaka wapi?"

Sikuwa nimefika huko katika mawazo yangu, lakini alipolisema tu nilijua ni kweli. Ningemchukia mpaka kaburini.

"Mungu yako iko namuna gani, Mama? Anakaa tu anachungulia mu kikombe?"

"Usiseme hivyo."

"Weye njo unasema hivyo." Alipumzika kidogo, pumzi ilikuwa inamkatika. Kisha akasema kwa sauti nyingine, ya kitoto: "Niko naogopa, Mama. Uniombee. Lakini usimupe kintu. Tafazali. Usitoe ng'ombe, usitoe maziwa, usitoe kintu yote."

"Sasa nitasema nini?"

"Sema jina yangu."

Nilipiga magoti kwenye udongo wa ile dispansari, na nitakwambia ukweli, nilijiona uchi. Tangu utoto wangu sikuwahi kwenda mbele ya mkubwa yeyote bila kitu mkononi. Kwa chifu unakwenda na jogoo, kwa wakwe unakwenda na siagi, na kwa Mungu nilikuwa nimekwenda daima na ahadi. Nikasema: "Mungu, huyu ni Felisita. Ninaogopa." Nikatafuta la kuongeza, sikuliona. Papa Simoni, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, alingoja niendelee. Alipoona hakuna kinachoendelea akasema, "Amina."

Siku ya tatu ya kukaa kwetu pale, asubuhi, uchungu ulimshika. Ulidumu mpaka mchana. Danieli alizunguka nyumba mpaka akachora njia kwenye majani. Nilisema maneno yangu yaleyale, "huyu ni Felisita, ninaogopa," na kila mara nilisikia mkono wangu unataka kuahidi kitu, nikaukaza. Jua lilipokuwa juu ya kichwa, mtoto wa kike alitoka akilia kwa ukali. Enfirmie alisema, "Huyu amefuata nani?" na Felisita, ambaye hakuwa na nguvu ya kuinua kidole, alinielekezea macho.

Lakini hatukushangilia. Wale wawili wa kwanza pia walilia walipozaliwa. Felisita alipoteza damu nyingi, na siku mbili hakujua kama ni asubuhi au jioni. Tulihesabu siku za yule mdogo moja moja. Ya tano alinyonya vizuri. Ya sita alikuwa na joto, nikafa mara kumi. Ya saba joto likaisha. Siku ya nane asubuhi Felisita aliomba ndizi, akala mbili, na Papa Simoni alimbeba yule mtoto mpaka nje juani, akasali sala ndefu, ndefu kweli, na mimi nilisimama pale mpaka neno la mwisho. Nilitamani asimalize.

Tulipoanza kurudi, Felisita alikuwa anatembea mpaka mlangoni na kurudi. Kibua tulipewa mzigo wa ndizi ambao hatukuweza kuubeba, tukala nusu njiani. Mvua ilitukuta tena Nyabiondo, bariere ilikuwa chini, tukapita kando yake bila kumwuliza mtu. Rubaya, Mama Veronika hakuwepo; walituambia amekwenda kuzika jamaa upande mwingine. Nilimwachia salamu kwa jirani, nikamwambia amweleze kwamba mtoto ni mzima. Nyumbani mume wangu alinipokea na maziwa, nikamwambia habari yote, akasema tu kwamba nimekonda.

Jumapili ya kwanza kapelani, baada ya sala, wanawake walinizunguka. Habari ilikuwa imenitangulia. Mama Rozalia, mlimaji wa bonde la chini yetu, alinivuta kando. Mtoto wake wa kiume alikwenda kufanya kazi kwenye machimbo ya mbali, na tangu mvua za kwanza hakuleta neno.

"Niambie, Mama Felisita," akasema. "Ulimuahidi Mungu nini?"

"Sikumuahidi kintu."

"Usinifiche."

"Nilimuahidi, kisha nilivunja. Felisita akazaa. Sikumupa kintu."

Hakuniamini. Nilimwona. Akainamisha kichwa, akasema polepole: "Miye niliacha chumvi. Mwezi ya pili sasa. Nafikiri ni kidogo, njo maana hajibu. Nilitaka kuuliza kama niongeze sabuni, ao shamba ile ya chini."

Nilitaka kumweleza mambo mengi. Nilitaka kumwambia kwamba sijui kwa nini wangu alipona, wala sijui ningesema nini kama asingepona, na nisingependa kumdanganya. Lakini mimi si katekista, na hata katekista hakuwa amefundishwa hilo. Nikamshika mkono. Ulikuwa mkavu na mgumu, mkono wa jembe.

"Leo ukifika nyumbani, weka chumvi ku chakula," nikamwambia. "Sasa kuya, tumuombe."

"Na tutamupa nini?"

"Mwanako anaitwa nani?"

"Tomasi."

Tukapiga magoti pale nje, kwenye nyasi, watu wakitupita. Mama Rozalia alifungua mikono yake, akaitazama ilivyo mitupu, akalia, akaanza kusema jina la mtoto wake.